Kuchambua dhamira na wahusika bila kukariri kitini: tushike Kinjeketile mkononi

Kila mwaka, majuma machache kabla ya mitihani, maswali ni yale yale. "Mwalimu, kitabu hiki kina dhamira ngapi?" "Mhusika mkuu anajulikanaje?" "Nikiandika ukombozi nitapata?" Hilo la mwisho ndilo linalonichosha, maana anayeuliza keshajijibu. Amesikia ukombozi huwa "unatoka", sasa anatafuta kitabu cha kuubandikia.

Basi nimeamua kuandika mara moja, nikiulizwa tena nielekeze hapa. Mfano nitakaoushika ni Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 juu ya mtu aliyewapa watu maji walioamini yatawakinga na risasi za Wajerumani katika Vita vya Majimaji. Ni fupi, na bado inawaangusha wengi. Pale itakapobidi nitachungulia Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert (1951), kwa sababu wahusika wake wameumbwa kwa namna nyingine kabisa na ukiwachambua kama wa Kinjeketile utapotea.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kitabu chenyewe. Si kitini, si madesa ya kaka yako aliyemaliza mwaka juzi. Kitini kisome mwishoni, kama unavyomuuliza jirani maoni yake baada ya wewe kuwa na yako.
- Penseli. Wino kwenye kitabu cha maktaba ni ugomvi usio na faida.
- Daftari, kurasa nne au tano tupu kwa kila kitabu.
- Muda. Kinjeketile inasomeka jioni moja. Riwaya ipe siku tatu au nne, usiivamie usiku wa kuamkia mtihani.
- Maana moja ya maneno. Tanzania, maudhui ni mfuko mzima, na ndani yake mna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Kenya, mara nyingi maudhui ndiyo hayo mambo yanayojadiliwa kitabuni, na dhamira ni lengo la mwandishi. Mwongozo huu unatumia "dhamira" kwa maana ya Tanzania. Ukiwa Kenya, kila nisemapo dhamira wewe soma maudhui, na mambo yataenda.

Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote

Soma kama unavyosikiliza hadithi. Usipigie mstari, usitafute tamathali za semi. Ukifika mwisho, funga kitabu umsimulie mtu: mdogo wako, mama yako, mwenzako wa bwenini. Ukikwama katikati ya kusimulia, hapo ndipo hukuelewa. Rudi hapo tu, si mwanzo.

Kwa tamthiliya kuna jambo moja la nyongeza. Soma yale maelezo ya jukwaani yaliyo kwenye mabano, yanayosema nani kaingia, nani kanyamaza, nani katetemeka. Wanafunzi huyaruka wakidhani ni mapambo. Katika tamthiliya hakuna msimulizi wa kukuambia mtu anajisikiaje, kwa hiyo ukiyaruka maelezo hayo umeruka nusu ya mhusika.

Hatua ya 2: Mfungulie kila mhusika ukurasa, na uandike "Wapi"

Chora safu nne kwenye daftari: *Anataka nini. Anafanya nini. Wengine wanasema nini juu yake. Wapi.* Safu ya nne ni ya namba za kurasa au onyesho, na ndiyo inayobeba mzigo.

Niliijua thamani yake kwa njia ya aibu. Nikiwa kidato cha tano niliandika insha nzima kwamba Kinjeketile ni mwongo aliyewatapeli watu kwa maji. Nilijiona shujaa, nimekataa yale yanayosemwa na kila mtu. Insha ikarudi na neno moja la wino mwekundu pembeni mwa sentensi yangu ya kwanza: "Wapi?" Nikakaa na kitabu jioni nzima nikitafuta mahali mtu huyu anapopanga kudanganya. Sikupaona. Nilichokiona ni mtu anayepandwa na pepo aitwaye Hongo, anatoka Mto Rufiji na ujumbe na maji, anasema maneno mbele ya umati, kisha baadaye akili ikimrudi anayaogopa maneno aliyoyatoa mwenyewe. Mtapeli haogopi maneno yake. Sifa niliyompa haikuwa na ukurasa.

Tangu hapo sheria yangu ni hii: sifa isiyo na "Wapi" ifute, hata kama inapendeza, hata kama imo kwenye kitini.

*Tahadhari.* Usijaze daftari sifa za "ni mkarimu, ni jasiri, ana upendo" kana kwamba unaandika barua ya kumtafutia mtu kazi. Anza na kitendo. Sifa itajileta yenyewe.

*Tahadhari nyingine.* Hongo katika tamthiliya hii ni pepo, mzimu wa majini katika imani za watu wa Rufiji na Umatumbi. Si hongo ya kumpa trafiki. Nimewahi kusahihisha jibu lililoeleza kwa ukurasa mzima jinsi Kinjeketile "alivyopokea hongo" na kuhitimisha kwamba dhamira mojawapo ni rushwa. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Hatua ya 3: Jua mhusika wako ni wa aina gani kabla hujamuuliza maswali

Hapa nadharia kidogo tu. Mhusika duara ana pande nyingi: anasita, anabadilika, anaweza kukushangaza. Mhusika bapa ana upande mmoja, na upande huo ndio kazi yake. Kuwa bapa si kosa la mwandishi.

Kinjeketile ni duara. Kumwelewa kunahitaji ufuatilie safari: kabla ya mtoni, baada ya mtoni, na baada ya kuung'amua ujumbe wenyewe. Kumbuka kwamba katika ujumbe ule mlikuwamo kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Saidi, Sultani wa Zanzibar. Umati unashangilia. Yeye baadaye anakaa na maneno hayo, na anaona kwamba ni kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine. Umbali huo kati ya umati unaoshangilia na mtu mmoja aliyeshtuka ndio unaomfanya duara. Weka namba ya ukurasa hapo kwa penseli nzito.

Sasa mtazame Waziri Majivuno wa Kusadikika. Jina lake limeshamsema kabla hajafungua kinywa. Karama, mshtakiwa anayejitetea mbele ya baraza, naye ni karama. Wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wote wanatumwa nchi za mbali, wote wanarudi na mambo mema, na wote wanaishia kifungoni. Ukihangaika kutafuta "mabadiliko ya kisaikolojia" ya Auni utakesha bure. Kwa wahusika wa namna hii swali ni moja: huyu anasimamia nini, na anagongana na nani? Na pale mambo yanapojirudia mara sita, huko kujirudia kwenyewe ndiko kunakosema. Mjumbe mmoja akifungwa, ni bahati yake mbaya. Wakifungwa sita, ni utawala.

Hatua ya 4: Tafuta mahali anapolazimika kuchagua

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Mtu hajulikani kwa anayoyasema akiwa ameshiba. Anajulikana pale anapokuwa na njia mbili, zote zina gharama, na hana budi kushika moja. Karibu kila kitabu kizuri kina mahali hapo, na mara nyingi ni karibu na mwisho.

Katika Kinjeketile ni kifungoni. Vita vimeshindwa, maji hayakuzuia risasi, watu wamekufa. Anaambiwa aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Akisema, huenda akanusurika. Hata Kitunda, mwenzake, kiongozi wa wapiganaji, anamsihi aseme. Na tazama ilivyo ngumu: yeye mwenyewe ameshaona kwamba maji hayakuwa kama watu walivyoyaamini. Angesema, asingekuwa amesema uongo!

Anakataa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba akisema maji yalikuwa uongo, kesho Mjerumani atawaambia watoto kwamba kupigana naye kulikuwa kosa. Neno limeshazaliwa, na siku moja litakuja kuwa kweli kwa wajukuu.

Sasa uliza maswali matatu na uyajibu kwa sentensi kamili:

a) Amechagua nini, na amepoteza nini kwa kuchagua hivyo?
b) Wewe ungekuwa Kitunda, ungemwona shujaa au mkaidi?
c) Mwandishi ametuacha upande gani?

Swali la (b) linafanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Darasani kwangu huwa nagawa wanafunzi pande mbili, wa Kitunda na wa Kinjeketile, na siku hiyo hakuna anayesinzia.

Hatua ya 5: Geuza neno kuwa sentensi

Ukombozi si dhamira. Mapenzi si dhamira. Umoja si dhamira. Hayo ni majina ya makabati, na bado hujatuambia ndani mna nini. Dhamira ni sentensi inayosema kitu *kuhusu* ukombozi, mapenzi au umoja.

Tazama jibu moja likikarabatiwa.

Mara ya kwanza mwanafunzi ameandika: *Ukombozi.*

Nikamwambia, kuhusu ukombozi wanasemaje? Akaandika: *Watu wa kusini walipigana na Wajerumani ili wajikomboe.* Vizuri, lakini hicho ni kisa. Amesimulia.

Nikamwambia, futa majina ya watu na mahali, kisha niambie mwandishi amegundua nini. Alikaa dakika kumi, akatafuna kalamu, akaandika: *Imani moja inaweza kuwaunganisha watu waliokuwa hawaaminiani, lakini imani hiyohiyo ikishika nguvu humponyoka hata aliyeileta.*

Hiyo ndiyo. Nimejuaje? Kwa majaribio mawili. La kwanza, sentensi inasimama bila jina la mhusika yeyote. La pili, mtu mwenye akili timamu anaweza kuibishia. Hakuna anayeweza kubishia "ukombozi", kwa hiyo hakuna cha kutetea, na pasipo cha kutetea hakuna insha.

Ukishapata sentensi, rudi kwenye safu ya "Wapi". Nusu ya kwanza, kuunganisha, itazame pale wapiganaji wa makabila tofauti wanaposhukiana mwanzoni, kisha wakawa kitu kimoja baada ya maji. Nusu ya pili, kuponyoka, itazame pale wanapoingia vitani ilhali yeye bado anasita. Sentensi imepata miguu miwili.

Hatua ya 6: Tenganisha mtu wa historia na mtu wa kitabu, kisha waweke pamoja

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaendelea hadi 1907. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge tarehe 30 mwezi huohuo, na kufyekwa kwa bunduki, yeye akiwa tayari kaburini.

Lakini kwenye tamthiliya anaishi hadi kuona kushindwa. Mwandishi amemwongezea siku. Kwa nini? Jibu langu, na unaruhusiwa kuwa na lako: bila siku hizo kile kisa cha kifungoni kisingewezekana. Hussein alimhitaji mtu anayejua kwamba maji yameshindwa na *bado* anakataa kuyakana. Wa historia hakupewa nafasi hiyo, wa kitabu amepewa.

Kisha tazama mwaka wa kuchapishwa. 1969: miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika, miwili baada ya Azimio la Arusha. Watu wamekwisha kuwa wale "wajukuu" wanaotajwa kifungoni. Wanaosoma ndio waliorithi neno. Ukiweka jambo hilo katika insha yako utakuwa umemwonyesha msahihishaji kwamba unajua kitabu kiliandikwa na mtu, mahali fulani, wakati fulani. Kusadikika nayo ni vivyo hivyo: mwaka 1951 hapa kwetu mkoloni bado yuko ofisini, na mtu anaandika juu ya nchi iliyo angani ambamo kuwafundisha watu sheria ni kosa la kushtakiwa. Huko angani si mbali.

*Tahadhari.* Historia iwe sentensi mbili tatu. Nimeona insha za fasihi zilizogeuka kuwa somo la historia, zina kila tarehe na hazina mhusika hata mmoja.

Hatua ya 7: Andika aya

Mpangilio ninaoupenda ni huu: sentensi ya dhamira, tukio, kilichomo ndani ya tukio hilo, kisha kurudi kwenye dhamira kwa pembe nyingine. Mfano:

*Mwandishi anaonyesha kwamba neno likishaaminiwa na watu wengi halimilikiwi tena na aliyelisema. Kinjeketile ndiye aliyeleta maji, lakini baada ya kuuona utata wa ujumbe wenyewe hana tena uwezo wa kuwazuia wapiganaji, kwa kuwa wao wanaliamini neno kuliko wanavyomsikiliza yeye. Hata kifungoni anaposihiwa alikane, kukana kwake kusingewafufua waliokufa, bali kungempa mtawala hoja ya kuwafundishia watoto utii. Kwa hiyo neno lililomshinda nguvu ndilo pia analochagua kulilinda.*

Hakuna "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonyesha". Sentensi hiyo inaweza kuandikwa juu ya kitabu chochote duniani, hata cha mapishi.

Ukikwama

*"Nimesoma mara mbili na sioni dhamira yoyote."* Acha kutafuta dhamira, tafuta ugomvi. Nani anataka nini na nani anamzuia? Andika ugomvi huo, kisha tazama umeishaje. Namna ulivyoisha ndiyo maoni ya mwandishi. Isitoshe, tazama kinachojirudia: neno, kitu, wimbo. Katika Kinjeketile hesabu tu mara ngapi watu wanalitaja neno "maji".

*"Sijui mhusika mkuu ni Kinjeketile au Kitunda."* Mwondoe mmoja kichwani. Kitabu kikibaki kimesimama, huyo si mkuu. Bila Kitunda tamthiliya inachechemea. Bila Kinjeketile haipo.

*"Niliyoiona mimi haimo kwenye kitini."* Ina "Wapi"? Kama ina mbili au zaidi, iandike bila woga. Kama ina moja ya kulazimisha, iache.

*"Swali linataka nafasi ya mwanamke, na kitabu kinahusu vita."* Usiseme mwanamke "amechorwa kama chombo cha starehe" kwa sababu tu jibu hilo lilifaa kitabu kingine. Rudi kwa Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda. Soma wanazungumza nini kabla wanaume hawajaanza kuzungumzia vita: njaa, kazi ya kulazimishwa, mume asiyeeleweka. Yale ambayo wanaume watayaita siasa, wao wameshayaona kwenye chungu kitupu. Hilo peke yake ni aya nzima.

*"Kwenye dondoo huwa napata nusu ya alama."* Kwa kawaida ni kwa sababu umeishia kwenye nani anasema, kwa nani, na wapi. Ongeza kwa nini anasema wakati huo, na nini kinatokea mara tu baada ya kusema.

*"Lugha ya Shaaban Robert inanishinda."* Isome kwa sauti. Nathari yake ina mwendo, na maneno mengi magumu utayakisia kwa yale yanayoyazunguka. Yaliyobaki yapeleke kwenye kamusi, lakini yasizidi matano kwa ukurasa, la sivyo utachoka kabla Karama hajamaliza siku ya kwanza ya kujitetea.

*"Mtihani ni kesho na sijasoma kitabu."* Basi lala saa nne, amka saa kumi, usome Kinjeketile yote hadi jua litoke, halafu ufanye hatua ya 4 peke yake. Kusadikika iache, hutaiwahi.